Otto Schott: mchoma vioo aliyekifumania kipimajoto kikidanganya

Wadau, leo tuwaache wanasiasa wapumue kidogo. Tuna Mjerumani mmoja wa kumzungumzia, Otto Schott, aliyefariki mwaka 1935. Wengi wenu jina lake mmeliona bila kujua kwamba ni la mtu. Liko kwenye chupa za maabara, liko kwenye kampuni inayotengeneza vichupa vya dawa za sindano, na huwa tunapita tu tukidhani ni jina la biashara kama mengine.

Ukiuliza wanaomjua utaambiwa ni yule wa lenzi za hadubini na wa kioo kisichopasuka kwenye moto. Sawa kabisa, sibishi. Ila kuna kisa kimoja katika maisha yake ambacho wasimulizi wengi hukipa sentensi mbili halafu hao, wanakimbilia kwenye lenzi. Ni kisa cha vipimajoto. Kwa maoni yangu hicho ndicho kinachomwonyesha Schott alikuwa mtu wa namna gani. Tena ndicho kilichowaachia wanasayansi fumbo la kuwaumiza vichwa kwa zaidi ya miaka mia moja: kwa nini alkali mbili, ambazo kila moja ikiwa peke yake ndani ya kioo haina matata, zikichanganywa zinazibiana njia mpaka umeme nao unapita kwa taabu.

Alizaliwa tarehe 17 Desemba 1851 mjini Witten, eneo la Ruhr. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa vioo vya madirisha. Kwa hiyo huyu bwana hakukutana na kioo darasani, alikua nacho. Na siku zile kuchoma kioo ulikuwa ufundi wa kurithishana. Fundi anajua mchanga kiasi gani, chokaa kiasi gani, magadi kiasi gani, kwa jicho na kwa mazoea, na siri inabaki ndani ya ukoo. Kioo kikitoka na mapovu au ukungu, wanayeyusha kingine. Kwa nini kimeharibika? Nani alikuwa na muda wa kuuliza hayo wakati wateja wanasubiri madirisha?

Kijana aliuliza. Akasoma kemia Aachen, kisha Würzburg na Leipzig, na mwaka 1875 Chuo Kikuu cha Jena kikampa shahada ya udaktari. Tasnifu yake ilihusu kasoro zinazotokea wakati wa kutengeneza vioo vya madirisha. Yaani jamaa alitoka nyumbani, akazunguka vyuo vyote hivyo, halafu akarudi kwenye matatizo ya tanuri la baba yake! Mwaka 1877 hadi 1878 akaenda Hispania, mjini Oviedo, kusaidia kuanzisha kiwanda cha iodini na shura. Hiyo shura muiweke akiba, tutaihitaji mwishoni.

Kabla hatujaendelea, kemia kidogo ya jikoni, maana bila hii kisa hakieleweki.

Mchanga mweupe ukitaka kuuyeyusha peke yake unahitaji joto kali mno, zaidi ya digrii 1,700. Ili uyeyuke mapema unatiwa alkali. Alkali ya kwanza tunaijua wote: ni magadi, yale yale bibi anayotia kwenye maharage yaive upesi, yale yale ya Ziwa Magadi kule Kenya ambayo yameuzwa kwa wenye viwanda vya vioo. Ndani ya magadi kuna sodiamu. Alkali ya pili ni ya majivu ya kuni. Chuja majivu kwa maji, yachemshe maji hayo mpaka yakauke, utabaki na chumvi yenye potasiamu. Mafundi wa misitu ya Thuringia, huko huko karibu na Jena, walichoma miti karne na karne kwa ajili hiyo. Ya tatu ni lithiamu, adimu sana enzi hizo, siku hizi iko kwenye betri ya simu yako. Hizi tatu ni ndugu wa tumbo moja. Tabia zinafanana, tofauti kubwa ni umbo: lithiamu ni mdogo, sodiamu wa kati, potasiamu ndiye pande la mtu.

Ndani ya kioo, mchanga ulioyeyuka unajenga kitu kama wavu uliofumwa ovyo ovyo, bila mpangilio. Alkali zinakaa kwenye matundu ya wavu huo zikiwa ioni, yaani atomu iliyopoteza elektroni na kwa hiyo ina chaji. Wavu wenyewe hauendi popote. Ioni ndizo zinazoweza kuruka kutoka tundu hili hadi lile, kwa kujivuta sana kioo kikiwa baridi, kwa kasi zaidi kikipata moto. Ndiyo maana kioo, ambacho shuleni tulifundishwa kwamba hakipitishi umeme, kikipashwa moto vya kutosha kinaupitisha. Hakuna waya humo ndani. Umeme unabebwa na hao ioni wanaoruka.

Haya, turudi Witten.

Mwaka 1879 Schott ana miaka 27. Ameyeyusha kioo chenye lithiamu na anataka kujua kinaupindaje mwanga, lakini vyombo vya kupimia hana. Tarehe 27 Mei akaandika barua kwa profesa asiyemfahamu, Ernst Abbe wa Jena. Abbe ndiye aliyekuwa akipiga hesabu za hadubini za Carl Zeiss, na alikuwa ameshalalamika hadharani kwamba hadubini zimefika ukutani kwa sababu waunda lenzi wana aina chache tu za vioo za kuchagua. Yaani barua ya Schott iliangukia mikononi mwa mtu mwenye njaa.

Kioo chenyewe kikapimwa. Kwa kazi ya lenzi hakikufaa kitu.

Hapa ndipo napenda mnitulizie akili. Kwa watu wengi mambo yangeishia hapo: asante kwa sampuli yako, kwaheri. Lakini Abbe aliona kitu kingine. Huyu kijana alibadilisha kiungo kimoja kwa makusudi, akaandika alichofanya, akataka matokeo kwa namba. Mafundi wa vioo walikuwa hawafanyi hivyo. Wakaanza kuandikiana. Schott anayeyusha vipande vidogo Witten, anavituma kwa posta, Abbe anapima Jena, majibu yanarudi. Akajaribu boroni, akajaribu fosforasi, akajaribu elementi ambazo hakuna fundi aliyewahi kufikiria kuzitia tanurini. Januari 1881 wakaonana kwa mara ya kwanza, 1882 Schott akahamia Jena, na 1884 ikaanzishwa maabara ya kioo ya Schott na wenzake. Wenzake hao ni Abbe, mzee Carl Zeiss na mwanawe Roderich. Serikali ya Prusia ikatia mkono kwa marki 60,000. Mwaka 1886 walipotoa orodha yao ya kwanza ya bidhaa ilikuwa na vioo vya lenzi 44, na kati ya hivyo 19 vilikuwa vya mchanganyiko mpya kabisa. Habari za lenzi zinatosha, ziko kila mahali.

Kipimajoto sasa.

Karne ile ya 19 kipimajoto cha zebaki kilikuwa ndicho kila kitu. Mkemia anakitumia, mwenye kiwanda cha bia anakitumia, mtu wa hali ya hewa anakitumia, na tangu miaka ya 1860 madaktari nao walishaanza kuchora chati ya homa ya mgonjwa. Vipimajoto vingi vilitoka Thuringia. Na vilikuwa na ugonjwa. Kwa kweli magonjwa yalikuwa mawili.

La kwanza ni la polepole. Kipimajoto kipya kikikaa miezi na miaka, kile kifuko cha chini chenye zebaki kinajikunja kidogo kidogo, zebaki inasukumwa juu, kwa hiyo chombo kinasoma juu kuliko ukweli. La pili ni la ghafla, na ndilo la ajabu zaidi. Chukua kipimajoto, kiweke kwenye barafu inayoyeyuka, kinasoma sifuri. Vizuri. Sasa kichovye kwenye maji yanayochemka, kisha kirudishe kwenye barafu ile ile. Kinasoma chini ya sifuri! Barafu haijabadilika, zebaki haijabadilika. Kilichobadilika ni kioo. Kifuko kilitanuka kwenye moto na kiliporudi kwenye baridi hakikurudi chote, kilibaki kinene kidogo. Kiache wiki kadhaa au miezi, taratibu sifuri inarudi mahali pake. Kipashe moto tena, inashuka tena. Kioo kinakumbuka kwamba kilikuwa motoni.

Unaweza kusema, nusu digrii ni nini bwana. Ndugu yangu, kama viwanda viwili vinauziana pombe kali au mafuta kwa kupima joto, nusu digrii ni pesa. Kama wanasayansi wa nchi mbili wanalinganisha vipimo, nusu digrii ni ugomvi. Na kipimajoto cha homa kikizeeka kikawa kinasoma juu nusu digrii, mzima anaweza kulazwa kitandani.

Kilichowashangaza watu wa Tume ya Kifalme ya Vipimo kule Berlin ni kwamba vipimajoto vya zamani vilikuwa na nafuu kuliko vipya. Hermann Friedrich Wiebe, aliyekuwa akifanya kazi hapo, alikusanya vyombo vya miaka mbalimbali. Kimoja, kilichohusishwa na msafiri maarufu Alexander von Humboldt, cha kabla ya 1835, sifuri yake ilishuka digrii 0.06 tu. Kingine cha mwaka 1848 kilishuka 0.15. Vya miaka ya 1870 vilishuka 0.4 na kuendelea, na kimoja cha 1878 kilifika 0.65. Maendeleo ya kurudi nyuma! Dunia ina reli, ina simu ya waya, na kipimajoto chake ni kibovu kuliko cha babu.

Aliyenusa chanzo alikuwa mkemia wa Berlin, Rudolf Weber. Mwaka 1883 alionyesha kwamba vioo vibaya ni vile vyenye sodiamu na potasiamu kwa pamoja. Cha Humboldt kilikuwa karibu chote cha potasiamu, cha majivu. Kadiri magadi ya viwandani yalivyoenea, mafundi wa Thuringia waliyachanganya na majivu yao ya zamani, kwa sababu mchanganyiko huo unayeyuka vizuri na unapulizika kwa urahisi kwenye moto wa taa. Kwa fundi ilikuwa ni baraka. Kwa mpimaji ilikuwa ni sumu, na hakuna aliyeiona ikiingia.

Nasisitiza jina la Weber kwa sababu baadaye sifa zote zilimwendea Schott, na si haki. Lakini Weber alikuwa na dalili nzuri tu. Schott alikuwa na tanuri na tabia ile ya kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Akishirikiana na Wiebe akayeyusha mfululizo wa vioo. Hiki sodiamu tupu. Hiki potasiamu tupu. Hiki nusu kwa nusu. Kila kimoja kikatengenezwa kipimajoto, kikachemshwa, kikarudishwa kwenye barafu. Vioo vya alkali moja, iwe sodiamu iwe potasiamu, sifuri ilishuka chini ya sehemu moja ya kumi ya digrii. Vile vya nusu kwa nusu ilishuka karibu digrii nzima!

Mtazame vizuri hayo matokeo. Ingekuwa sodiamu ni mbaya na potasiamu ni nzuri, mchanganyiko ungekuwa katikati, kama ukichanganya chai ya moto na ya baridi unapata vuguvugu. Hapa viwili vizuri vimechanganywa vikatoa kibaya mara kumi. Schott hakujua kwa nini. Hakuna aliyejua. Lakini kwa fundi aliyesoma, kutojua kwa nini hakumzuii kuchukua hatua: usichanganye, basi. Katikati ya miaka ya 1880 Jena wakatoa kioo cha vipimajoto kilichoitwa 16 III, chenye alkali moja tu. Mchanganyiko wake, kwa wale mnaopenda namba: mchanga safi asilimia 67.5, sodiamu (katika hali ya oksaidi) 14, oksaidi ya zinki 7, chokaa 7, alumina 2.5 na boroni 2. Potasiamu hamna hata chembe. Sifuri yake ilishuka digrii 0.05. Ili mnunuzi asiuziwe feki, kioo kilitiwa mstari mwembamba wa zambarau unaoonekana ndani ya mrija. Baadaye wakaongeza kingine, 59 III, chenye boroni nyingi, kwa ajili ya joto la juu zaidi.

Mstari huo wa zambarau ukasambaa duniani na maabara. Kwa muda mrefu ulikuwa ndiyo cheti cha kipimajoto kinachosema kweli.

Sasa, mwaka ule ule 1884 maabara ya Jena inaanzishwa, kule Freiburg mwanafizikia Emil Warburg alikuwa akifanya jaribio lisilo na uhusiano wowote na barafu. Alichukua kioo cha kawaida chenye sodiamu, akakipasha moto hadi karibu digrii 300, upande mmoja akaweka zebaki iliyotiwa sodiamu, upande wa pili zebaki tupu, halafu akapitisha umeme. Sodiamu ikatoka upande wa kwanza, ikaingia kwenye kioo, na sodiamu ikatokea upande wa pili. Kioo kimebaki kizima, kinang'aa, uzito ule ule. Kiasi cha sodiamu kilicholetwa kililingana na kiasi cha umeme uliopita. Kwa hiyo ilithibitika: ndani ya kioo ni ioni za sodiamu zinazotembea, zikipokezana matundu kama watu wanaosogea kwenye foleni.

Mwenzake, Tegetmeier, akaenda mbele. Akajaribu kusukuma lithiamu badala ya sodiamu. Ikapita, ila kioo kikafanya ukungu kikawa dhaifu, maana mdogo amekaa kwenye nafasi ya mkubwa. Akajaribu potasiamu. Ikagoma. Pande la mtu halikupenya.

Jamani, mnaona? Kipimajoto cha Jena na umeme wa Freiburg vilikuwa vikisema jambo moja kwa lugha mbili: ndani ya kioo kigumu kuna wakazi wanaohama, na wakazi wa maumbo tofauti hawaelewani kuhusu nyumba. Ila ilichukua muda mrefu watu kuviweka vitu hivyo viwili kwenye meza moja.

Wakati huo Schott ameshakuwa tajiri. Kilichomtajirisha hasa ni taa za gesi. Kioo chake cha boroni kilihimili joto la taa za kisasa za wakati ule bila kupasuka, na kiwanda kikauza vioo vya taa kwa mamilioni. Lenzi zilileta heshima, vioo vya taa vilileta mshahara. Na hapa kuna jambo la kumpongeza Abbe zaidi kuliko Schott: Abbe aliunda wakfu wa Carl Zeiss mwaka 1889 na kuukabidhi mali yake, na chini ya wakfu huo wafanyakazi wa viwanda vya Jena walipata siku ya kazi ya saa nane mwaka 1900, wakati wengi duniani wanapiga kumi na kuendelea. Schott alifuata njia hiyo kwa mwendo wake, na mwaka 1919 hisa zake katika kiwanda cha kioo nazo zikaingia kwenye wakfu. Abbe alikuwa amekwisha kufa tangu 1905.

Vita ya kwanza ilipolipuka mwaka 1914, Waingereza waligundua kwa mshtuko kwamba kioo cha lenzi za darubini zao za kijeshi na cha maabara zao kilikuwa kinatoka kwa adui. Wakakimbizana kujitengenezea. Hiyo peke yake inaonyesha mji mdogo wa Jena ulikuwa umefika wapi.

Schott alipokuwa na miaka zaidi ya 70, mwaka 1925, Wajerumani wawili, Gehlhoff na Thomas, wakachapisha vipimo vya umeme kwenye vioo. Walikuwa wanatoa sodiamu kidogo kidogo na kuweka potasiamu mahali pake, jumla ya alkali ikibaki ile ile. Ungetegemea upitishaji wa umeme upande au ushuke kwa mstari ulionyooka kutoka kioo cha sodiamu hadi cha potasiamu. Wapi! Ulididimia katikati kama bonde. Ni fumbo lile lile la kipimajoto, safari hii kwa umeme. Vipimo vya miaka iliyofuata, kwa kila jozi ya alkali, vimeonyesha bonde hilo kuwa refu kweli kweli: kwenye joto la chini kioo cha mchanganyiko kinaweza kupitisha umeme kwa udogo wa mara maelfu kuliko kioo cha alkali moja, na vingine hata zaidi ya hapo. Cha kushangaza, uzito wa kioo na jinsi kinavyopinda mwanga havioneshi bonde lolote, vinakwenda kwa mstari tu. Ni mambo yanayotegemea mwendo wa ioni ndiyo yanayoharibika.

Wenye viwanda vya balbu hawakungoja maelezo. Pale waya unapoingia ndani ya balbu, kioo kinapata joto na umeme pamoja, na sodiamu ikianza kutembea kioo kinaharibika, hewa inaingia, balbu kwisha. Kwa hiyo wao walitaka mchanganyiko, tena pamoja na risasi. Dhambi ya kipimajoto ikawa sifa ya balbu. Televisheni za zamani, zile zenye mgongo mkubwa, nazo kioo chake kilikuwa na sodiamu na potasiamu pamoja.

Otto Schott alistaafu katika miaka ya 1920 akamwachia kiwanda mwanawe Erich. Alifariki Jena tarehe 27 Agosti 1935, akiwa na miaka 83. Alikufa bila kujua kwa nini alkali mbili zinagombana. Miaka kumi baadaye, 1945, Wamarekani waliokuwa wameuteka mji waliambiwa waondoke uwe chini ya Warusi, na walipoondoka wakamchukua Erich na mafundi wa kioo, jumla watu 41. Waliobaki Jena kiwanda chao kikataifishwa mwaka 1948, na waliochukuliwa wakajenga kingine Mainz, kilichofunguliwa 1952. Kwa hiyo hata kioo chenyewe kiligawanywa na ule ukuta.

Na fumbo je? Lilipewa jina rasmi, athari ya alkali mchanganyiko, likaandikiwa makala kibao. Isard alikusanya yaliyojulikana mwaka 1969, Day akakusanya tena 1976, na bado wakaguzi walikuwa hawakubaliani. Maelezo yaliyonishawishi mimi yalikuja miaka ya 1990 mwanzoni kutoka kwa Bunde, Ingram na Maass. Fikiria msikitini siku ya Ijumaa, kandambili zimejaa mlangoni. Kila ioni inapokaa mahali, wavu wa kioo unajirekebisha kumfuata, unakuwa kama kandambili ya saizi yake. Akiondoka, tundu linabaki na umbo lake kwa muda. Kama wote ni sodiamu, anayefuata anavaa bila shida na safari inaendelea. Wakiwa wamechanganyika, sodiamu anakuta kandambili za potasiamu, zinampwaya, na potasiamu anakuta za sodiamu, mguu hauingii. Kila aina inabaki na njia zake, na njia za huyu zinakatwa na makazi ya yule. Mwaka 2003 Swenson na Adams, wakitumia vipimo vya muundo na kompyuta, walionyesha kwamba njia za aina mbili ndani ya kioo kweli zinatengana hivyo. Hii inaeleza na kipimajoto: kikitoka motoni, wakazi wa aina mbili wanachukua wiki na miezi kubadilishana makazi mpaka kifuko kirudi kwenye umbo lake.

Wapo wanaopinga sehemu ya maelezo haya, hasa kuhusu wavu unajirekebisha kwa kasi gani kwenye baridi. Wabishane.

Halafu kabla hamjaniuliza kwenye maoni kuhusu vioo vya simu: ndiyo, vimo humu humu. Kioo kigumu cha simu kinachukuliwa kikiwa na sodiamu, kinachovywa kwenye shura ya potasiamu iliyoyeyuka kwenye joto la kama digrii 400, na hapo sodiamu inatoka juu juu na potasiamu inaingia kwa nguvu kwenye nafasi isiyomtosha. Msongamano huo ndio unaokaza uso wa kioo usipasuke upesi. Inachukua saa nyingi, maana wale wawili wakishakutana ndani ya kioo kimoja, kama Schott alivyoona kwenye barafu yake, kila mmoja anamchelewesha mwenzake.